Mshono Wako Umeshika

Mzee Kambale,

Mshono wako umeshika. Naanza na hilo, maana najua ungenikatiza salamu uulize.

Biira wa Kyondo, yule uliyempasua akamzaa Baluku mwaka wako wa mwisho, ameletwa asubuhi kwa machela, majirani wakipokezana mteremko mzima. Uchungu ulimshika tangu jana, na maumivu yalikuwa pale pale penye kovu. Nilikuwa nimemwambia aje mapema angojee hapa hospitalini Bwera. Hakuja; kahawa imeiva, atamwachia nani? Nikamkasirikia, kisha nikaogopa.

Nilipofungua tumbo niliona kazi yako. Nyuzi zilishayeyuka zamani, lakini kovu lilikuwa pale kwenye kizazi, jembamba, limenyooka, halijaachia hata kidogo. Mzee, nusura nilie, na mikono iko ndani ya mtu. Muuguzi akaniuliza kama niko sawa.

Mtoto akatoka analia. Kazi ikawa kufunga. Uzi wa upasuaji umeadimika siku hizi. Tuliobaki nao ungetosha tabaka mbili za mshono kwa Biira, au moja kwake na moja kwa mwingine. Na yupo mjamzito wa Karusandara, naye ana kovu, siku zake zimekaribia. Nikasimama na sindano mkononi, nikakusikia kwa Kiswahili chako cha Butembo, ng'ambo ya mpaka: "Mutoto yangu, kizazi haiko gunia ya kahawa. Ya kwanza inasimamisha damu. Ya pili inachunga ule mutoto haujamuona bado."

Nikashona ya kwanza. Nikashona ya pili juu yake, nikaifunika yote, polepole, vile ulivyopenda na vile ulivyokuwa ukinichosha.

Nimeweka kalamu chini, nimeinuka kwenda kumtazama. Damu imetulia, mapigo ni mazuri. Nimekaa tena, lakini miguu haitaki kukaa.

Kabati sasa ni tupu. Nimekosea? Kama huyo wa Karusandara akiletwa leo, namfunga na nini? Ulikuwa mtu wa kusema mchana kutwa mpaka tunakukimbia, na leo ninapokuhitaji uko kaburini. Nina hasira nawe, Mzee. Nimekukumbuka mno.

Nimeinuka tena. Amelala, mtoto ananyonya.

Kesho kukipambazuka navuka mpaka na wafanyabiashara wa kwenu hadi Beni, nikabembeleze uzi kwenye hospitali za huko. Wakinifukuza mlango mmoja nitagonga mwingine. Yule mama atapata tabaka zake mbili kama Biira, nakuahidi, na vijana wanaojifunza kwangu nitawachosha ulivyonichosha.

Pumzika sasa, Mzee wangu. Mtoto ni wa kiume, wa pili, na kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kulitafuta. Ni Bwambale. Kwenu, ng'ambo ya mto wa mpakani, wangemwita Kambale.