Mamangu Akibanwa Njiani

Mjukuu wangu Salim,

Sisi hapa Junda tu wazima. Mkeo, yaani nyanya yako, bado anasema nakoroma.

Waniuliza uwapangie vipi wazazi wako safari ya miji midogo midogo hadi Malindi. Mimi wangu niliwapakia kwenye pikapu, nikitaka tufike kabla ya adhuhuri. Mtwapa mamangu akaniambia, "Baba, nimebanwa na haja." Akapiga hodi kwa watu asiowajua, akatoka kapewa kuku. Kilifi akabanwa tena, akatoka na mihogo na shoga mpya.

"Mama, wabanwa au wazuru?"

"Endesha, mtoto we! Malindi haikimbii."

Wallahi, alikuwa mwanamke! Malindi hatukufika, wala hakuna aliyeiulizia.

Basi mamako akibanwa, simamisha gari, na nyuma uache nafasi ya kuku.

Babu yako mkoromaji