Kibuyu Kilipokupita

Mdogo wangu,

Nilianza na neno "mpendwa", nikalifuta. Tusidanganyane, wewe ukiwa kaburini na mimi nikiwa na mvi kichwa kizima.

Unakikumbuka kibanda cha baba, nyuma ya mibuni, kule Kalinzi? Kilikuwa kidogo, cha kuingia kwa kuinama. Kabla ya mavuno baba alituita, akamwaga pombe ya ndizi mlangoni na kutaja majina: babu, bibi, shangazi aliyezama ziwani. Wewe ulipenda kubeba kibuyu. Siku niliyokibeba mimi ulilia mpaka jioni.

Baba alipokaribia kufa aliniachia mimi kazi hiyo. Wewe ukarudi kutoka mjini na Biblia mpya na kiberiti. Hukuniamkia. Ulisema mbele ya majirani, "Wafu hawanywi. Anayewanywesha ni mchawi." Kibanda kiliungua mchana kweupe, na neno "mchawi" likanifukuza. Niliteremka Mwandiga kwa miguu na kanga niliyojifunga. Shamba likabaki lako.

Miaka ikapita, mwanangu akanichukua Norwei anakofanya kazi. Huko jirani yangu Gunn, mwalimu mstaafu, alinipeleka msituni kwa wenzake. Walisimama kuzunguka jiwe, wakapitishana pembe ya ng'ombe yenye pombe ya asali. Kwanza walitaja miungu ya kale ya kwao, Thor wa radi na Freya wa rutuba. Kila mmoja akanywa, akalimwagia jiwe. Pembe ikazunguka tena, wakataja wafu wao. Mara ya mwisho ilikuwa ya viapo.

"Ukiapa juu ya pembe, umefungwa," Gunn alininong'oneza. "Usiape kwa mzaha."

Mchungaji wa mtaa alipita na mbwa wake, akasalimia, akaenda zake. Hakutoa kiberiti. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Ulichoma cha baba ili ufanane na Wazungu, kumbe Wazungu wenyewe wako msituni wanatafuta cha kwao.

Pembe ikanifikia. Niliapa kwamba kibanda kitasimama tena, na kwamba ukinitangulia kufa, wewe utaijua kiu.

Kimesimama. Ulipokufa nilirudi, na mkeo akanipa uwanja bila ubishi. Juzi nilimwaga: babu, bibi, shangazi, kisha baba na mama. Mkeo alikuwa amekaa kando, na gauni lake la kanisani. Akanivuta kanga.

"Wifi, na huyu wa kwangu je? Namwota anaomba maji."

"Si alisema wafu hawanywi?"

"Alisema mengi, wifi."

"Mimi nimeliamini hilo moja."

Akaguna. "Una roho ngumu wewe."

"Ndiyo iliyonirudisha."

Nikakiziba kibuyu. Pombe ilikuwa bado nusu kibuyu, na mkeo aliiona.

Basi kaa hivyo hivyo. Lakini usimsumbue mama wa watu usingizini. Yeye hakuchoma kitu. Kiu ikikuzidi, njoo kwangu mwenyewe, na uanze na ile shikamoo uliyoninyima siku ya moto. Marahaba nitakuitikia. Kuhusu kibuyu, nitafikiri.

Lala na ukavu wako.

Dada yako, mtoto wa kwanza wa baba