Baba Atakuja, Labda

Vinnytsia,
6 Oktoba 2024

Mpwa wangu mpendwa Melania,

Pokea salamu zetu, na nyingi ni za kukukumbuka. U mzima? Mgongo wako umepoa, au kazi ya kutandika mashuka hotelini huko Lisbon bado inakutesa? Mimi sijambo, ila magoti hunihesabia kila ngazi, maana lifti yetu hupanda umeme ukipenda. Binti yangu Uliana hajambo pia, ingawa amekonda.

Miaka kumi imepita tangu tuikimbie Horlivka. Nikiulizwa anwani, ulimi bado hutangulia kutaja mtaa wa kule.

Leo nina habari ya mjukuu wangu, Lukyan, mwana wa Uliana. Unajua ametimiza miaka tisa, ana usonji, na maneno yake ni machache. Unajua pia baba yake, Nazar, yuko vitani mwaka wa tatu huu. Usilolijua ni lile la Februari.

Kwetu hapa mtoto wa askari haambiwi habari za likizo mpaka baba agonge mlango, kwani likizo hufutwa dakika ya mwisho. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba tunyamaze. Nazar akaingia ghafla, ana ndevu, ananuka moshi. Lukyan alipiga yowe, akajibana nyuma ya mashine ya kufulia, na kwa siku zote kumi hakukubali kukaa naye chumba kimoja. Siku ya kuondoka Nazar aliniambia, "Baba, sitakuja tena mpaka vita viishe. Kwa nini nimtese mtoto?"

Mwanzoni mwa mwezi uliopita tukasikia huenda akapewa likizo nyingine, karibu na sherehe ya shule ya kuwaenzi askari. Uliana alimsihi aje, naye akakubali shingo upande. Mwalimu mkuu, Bi Halyna, mama mwema mwenye wana wawili jeshini, akapanga Nazar ajifiche nyuma ya pazia, ngoma zipigwe, kisha atokee.

"Ukumbi mzima utalia!" alituambia.

"Utalia, Mama," akajibu Zoryana, "na Lukyan atalia kuwashinda wote."

Zoryana ni msaidizi wa darasa anayekaa na Lukyan, binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba kama penseli.

"Wewe, unanifundisha kazi?"

"Hapana, Mama. Nakufundisha Lukyan."

Bi Halyna akamkazia macho, kisha akacheka. "Haya, mkaidi wewe. Hakuna pazia."

Lukyan hupanga siku yake kwa kadi za picha ubaoni. Zoryana akamtengenezea kadi mpya ya kijivu: labda. Kwa wiki mbili akamzoesha. Labda tutatoka nje, labda leo kuna supu ya viazi. Siku nyingine ilikuwa kweli, siku nyingine haikuwa. Ndipo akaweka picha ya Nazar kando ya kadi ile. Akamwomba Nazar ajipige picha kila siku na ndevu zake, kisha atume fulana aliyoivaa, bila kuifua. Uliana alipofungua kifurushi alisema, "Jamani, hata mbwa angehama!" Lukyan akaitwaa, akailalia. Nimeishi na vitabu maisha yangu yote, Melania, wala nisingefikiria fulana.

Likizo iliahirishwa mara mbili, na sherehe ikapita. Kila mara Lukyan aliuma mkono wake, akalia, kisha akaenda kula.

Alhamisi hii Nazar akaja kweli. Zoryana alikuwapo nyumbani kwetu, ingawa saa zake za kazi zilikwisha zamani. Nazar alisimama mlangoni, hakuthubutu hata kuvua viatu. Lukyan akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamgeuzia mgongo. Nikamwona mkwe wangu akiinamisha kichwa.

"Usiondoke," Zoryana akamnong'oneza. "Piga magoti. Ngoja."

Lukyan akarudi kinyumenyume, hatua moja moja, mpaka mgongo wake ukagota kifuani kwa baba yake. Akatulia hapo.

"Hivyo ndivyo anavyokumbatia," Zoryana akasema.

Nazar anaondoka Jumapili ijayo. Jana alimuuliza Uliana likizo ya masika iombwe tarehe ngapi.

Msalimie mumeo Pylyp, na shangazi Motrya umbusu mikono yote miwili. Mungu awafunike huko ugenini, nasi atufunike huku.

Mjomba wako akupendaye, leo kama siku uliyozaliwa,
Yukhym