Nilichungulia Mwanga Kama Ninavyochungulia Uzi

Mpendwa mshauri,

Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilipoteza katikati ya jicho langu la kulia. Kingo zipo. Nikimtazama mke wangu kwa jicho hilo naona hereni zake mbili na kilemba, uso hamna, kuna doa la kijivu tu. Naomba msaada, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana nimechoka na watu wanaoshauri kabla ya kusikia.

Mimi ni fundi mwashi, miaka kumi na tisa sasa, darasani sikukaa, nilijifunza kwa kubebea wengine matofali, na kazini wananiita Jicho, kwa sababu nikifumba la kushoto nikachungulia uzi kwa la kulia, tofali likitoka nje milimita tatu nalijua kabla mtu hajagusa pima maji. Sasa tunajenga ghala, ukuta wake mrefu una mita arobaini na nane, na hakuna uzi utakaouvuta mita zote hizo usilegee, nimeupima, katikati unashuka sentimita nne hata ukiuvuta mpaka ulie. Injinia wetu ana kifaa cha kunyooshea kuta kwa mwanga, chenye miguu mitatu. Nikamwomba nikijaribu, dakika tano tu, akafunga sanduku lake mbele ya watu akasema, "Jicho, wewe una uzi wako. Hiki ni cha waliosoma."

Basi nikajenga changu. Nilichukua tochi ya bati, nikaitoa taa yake, nikatia kile kidude kinachotoa mwanga ndani ya mashine za kuandikia DVD, vidude hivyo nilivitoa kwenye kompyuta zilizokufa, sita viliungua mikononi mwangu, cha saba kikawaka. Jumapili mwanga wake uliwasha njiti ya kiberiti kutoka upande wa pili wa meza, na mke wangu aliyekuwa anamenya viazi akaweka kisu chini, akasema polepole, "Baba watoto, umefanya nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiogopa kidogo, na sitakudanganya, nilipenda.

Jumatano nikaiegesha juu ya matofali mwanzo wa ukuta. Paa la ghala limeshapanda juu ya nguzo zake za chuma, maturubai yalikuwa yameteremshwa pande zote kwa ajili ya upepo, ndani giza, wenzangu wako nje wanachanganya saruji na vumbi lake likawa linaingia. Mshauri, niliuona. Mstari mwekundu, haujafungwa popote, haujashikwa na mtu, kila chembe ya vumbi ikiupita inawaka kisha inazimika, mita arobaini na nane bila kulegea hata unene wa unywele. Nikapima sehemu tisa, kila mita sita. Sifuri, sifuri, mpaka mwisho sifuri. Miaka yote hiyo navuta uzi, sikujua kwamba kunyooka kwenyewe kunaweza kuonekana. Mtu mzima mimi, machozi yalinitoka.

Kisha nikafanya anachofanya mwashi yeyote. Nikaenda ncha ya pili, nikapiga magoti, nikafumba la kushoto, nikaweka la kulia kwenye mstari. Hakukuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi kozi yangu ya tano ya matofali ilitoka nje milimita kumi na moja. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayejenga naye, akaitazama akacheka, "Shemeji, umeanza kunywa lini bila kunialika?" Nikacheka naye. Sijamwambia yeye wala dada yake. Na sasa habari za tochi zimemfikia injinia, amesema Jumamosi saa tatu asubuhi atakuja na kifaa chake tushindanishe mbele ya mafundi wote, kumi na mmoja bila kunihesabu mimi, na mstari wangu ukilingana na wake nitasimamia kuta zote za ghala. Nimeanza kulifundisha jicho la kushoto. Nikisema, hakuna tena Jicho, atakuwepo mwashi chongo. Nikinyamaza, nina asubuhi moja ya kusimama sawa na yule bwana. Nijibu kwenye gazeti la Ijumaa, neno moja, niseme au ninyamaze. Usinizungushe.

JIBU

Sema.

Hilo ndilo neno lako, fundi. Yanayofuata ni yangu, na utayasoma.

Ile sehemu ya vumbi nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Nina miaka hamsini na nane na sijawahi kuona ulichokiona. Mtu aliyeunguza vidude sita akashika cha saba simwiti mjinga. Lakini Jumapili mwanga huo uliwasha kiberiti, Jumatano ukauwekea jicho. Ungeuwekea ulimi?

Nimempigia simu daktari wa macho barua yako ikiwa mkononi. Amesema palipoungua ni ndani ya jicho, ukuta wake wa nyuma, na pale mtu hasikii maumivu. Doa huenda likapungua, huenda lisipungue, hawezi kujua bila kukuona. Umekaa nalo siku tisa. Wewe, unayehesabu milimita!

Na kuna hesabu moja hukuifanya. Jumamosi wanakuja waashi kumi na mmoja. Utawasha, watastaajabu kama ulivyostaajabu, halafu mmoja, pengine shemeji yako, ataenda ncha ya pili, apige magoti, afumbe la kushoto. Wewe uko mita arobaini na nane kutoka kwake. Utamfikia? Na jioni utamwambia nini dada yake?

Usidhani umejificha, pia. Ghala, maturubai, injinia na sanduku lake: mwenzako yeyote akisoma mistari mitatu amekujua. Nadhani ulijua hivyo ulipoandika, ulitaka mtu akuanzie. Nimekuanzia. Malizia mwenyewe, mkeo akiwa wa kwanza, kabla jirani hajamletea gazeti.

Toa betri leo, mpe mkeo. Nenda hospitali leo, si Jumatatu. Jukwaa la ujenzi hulipandi mpaka daktari aseme, maana kwa jicho moja utakanyaga ubao usiokuwepo. Jumamosi nenda, ushike tochi isiyo na betri, uwaeleze wote kumi na mmoja ulichofanya na kilichokupata, pamoja na lile la kupiga magoti. Injinia mpe karatasi ya vipimo vyako tisa, avipime kwa kifaa chake, ambacho mwanga wake ni hafifu kwa makusudi. Hilo angekueleza kwa dakika tano ulizomwomba, na mwambie nimesema hivyo. Akitafuta msimamizi wa kuta, aliyejua uzi unashuka sentimita nne ni wewe, si yeye.

Mezani kwangu nitakuwepo leo mpaka saa kumi jioni, namba iko chini ya ukurasa. Usinisimulie tena. Piga, unijibu swali moja: betri ziko mikononi mwa nani?