Chai Iliyochanua

Kensington, Johannesburg
12 Juni 2016

Mpendwa Mama,

Habari za Limuru, na masikio yanaendeleaje? Sisi wazima, ila baridi ya huku inatutafuna. Moffat amerudi kutoka benki hoi, anakusalimu.

Nimepanda ua linaloitwa kamelia mbele ya nyumba, jua linapochomozea. Lilijaa matumba. Jalidi ikaanguka usiku, na asubuhi yote yakawa kahawia, sasa yanapukutika. Muuza miche anasema kamelia na chai ni ndugu. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tunajua samaki tu. Nifanyeje?

Mkaza mwanao,
Cheryl


Limuru
9 Julai 2016

Binti yangu Cheryl,

Mimi mzima, ni masikio tu. Ahsante kwa kuandika, maana simu hunipigia kelele bure. Nimecheka! Yaani mnalima chai ya kutazama?

Huku pia jalidi hutuunguza. Baridi yenyewe tumba hulivumilia. Linauawa na jua la asubuhi likilipiga kabla jalidi haijayeyuka. Uhamishie mche upande wa jua la jioni, karibu na ukuta, ufunike shina kwa majani ya msonobari, na usiunyime maji.

Moffat alisema mkataba ukiisha atarudi ashike shamba. Wachumaji wa kukodi wamekimbilia mjini, na viganja vyangu vimeanza kugoma. Muulize, lakini polepole.

Mama


Limuru
16 Julai 2017

Binti yangu,

Nawasalimu wote wawili, nikitumaini baridi imewahurumia. Mimi nakula, nalala. Viganja havifungi tena.

Chai yetu imechanua. Maua meupe toka barabarani mpaka mtoni, na nyuki tele. Mwambie Moffat hivyo hivyo. Yule bwana anayetaka kununua shamba ajenge nyumba za kupangisha amekuja tena. Nimemjibu kwamba nangoja neno la mwanangu.

Mama


Kensington
20 Agosti 2017

Mama mpendwa,

Pole sana kwa viganja, vikande kwa maji moto. Lakini Mama, tumefurahi kupita kiasi! Maua shamba zima! Na kamelia yetu, tangu niihamishe ulivyosema, imechanua maua mekundu. Nimesimama bustanini nikalia kwa furaha kama mjinga.

Yaache yachanue, usiyaguse, upumzike. Na huyo bwana wa nyumba asikusumbue akili. Shamba ni lako, utakaloamua tutalikubali.

Mkaza mwanao,
Cheryl


Kensington
15 Oktoba 2017

Mama,

Nisamehe, leo naruka salamu. Jana tukiwa mezani nilimwambia Moffat kwamba chai ya kwenu ilichanua kama kamelia yetu. Akaweka kikombe chini. "Cheryl, chai inayochumwa haichanui. Ikichanua ujue imeachwa."

Eish, Mama, sikujua! Niliona maua, nikapongeza. Barua ile niliiandika peke yangu, Moffat alikuwa Durban kikazi. "Tumefurahi" ilikuwa adabu tu. Moffat hakufurahi. Amelia.

Anaacha kazi, Desemba anakuja kushika shamba. Amekupigia simu, unaita haloo, haloo, kisha unakata. Jirani yako naye hapatikani. Omollo wa kanisani anasafiri kesho, nimempa barua hii akuletee mkononi. Tafadhali usimpe yule bwana neno.

Cheryl


Limuru
22 Oktoba 2017

Binti yangu Cheryl,

Natumaini mmeamka salama. Omollo amefika, amekula, ndiye atakayerudi na barua hii.

Uliandika "tumefurahi", nami nikahesabu watu wawili. Uliandika "tutalikubali", nikahesabu tena wawili. Nikampa yule bwana neno, na mwezi wa tisa tingatinga likaja kung'oa chai.

Sikulaumu. Ningesema waziwazi kwamba nimeshindwa, lakini niliona aibu. Moffat asiache kazi, hapa hapana cha kushika. Inaniuma, nisikufiche. Asubuhi bado natoka na kikapu hadi mlangoni kabla sijakumbuka.

Kamelia uendelee kuifunika.

Visiki vimekauka vizuri. Leo nimechemsha chai ya dukani kwa kuni za chai yetu. Imechemka upesi.

Mama