Ukurasa wa Kushuka Nao Bondeni

Leipzig, Ujerumani

Kaka Otmar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Gaudensia na watoto, na kile kikohozi chako cha miezi ya baridi kimeshakwenda zake. Mimi sijambo. Huku ndiyo kwanza baridi inaanza, na tayari inauma kuliko ile ya kwetu Mbuji ya mwezi wa saba, ila nyumba zina joto na makoti ninayo. Usipa ulionitumia, dagaa wetu wa ziwani, ulifika ukiwa mkavu vizuri. Nilipoukaanga, jirani wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza kuna nini. Nikamwonjesha, na sasa ananiuliza kaka yangu atatuma lini tena.

Barua nampa sista mmoja wa kwetu anayekuja likizo. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu wewe hukatiza, na ujumbe unaujibu kwa alama ya dole gumba. Hili nataka ulisome mpaka mwisho, ukiwa umekaa.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli lugha ya kompyuta niliyoandikia tovuti ya kikundi chetu cha kahawa imekufa. La pili, kama nakubali ukurasa wangu utupwe na mchukue ule mpya wa Kasian, kijana wa Songea, mlioujaribu msimu uliopita. Unasema mwenyekiti anauona wangu kama tangazo la msiba, maandishi meusi kwenye weupe, na wewe katibu unaona aibu watu wakisema mdogo wako yuko Ulaya na kazi yake ndiyo hiyo. Wajumbe wataamua kikao kijacho.

Nianze na lugha. PHP haijafa. Tangu nianze kazi nasikia imeshazikwa, na kila asubuhi naikuta ofisini. Hapa watu wazima hugombania lugha za kompyuta kama mashemeji wanaogombania mpaka wa shamba. Mwenzangu mmoja hataki hata kunywa chai na mtu wa PHP. Mwingine akisikia JavaScript anakunja uso. Mimi nimeziandika zote na zote zimenilisha. Kwangu lugha mbaya ni ile ambayo fundi wake akiondoka hakuna wa kurekebisha. Kasian anaijua JavaScript vizuri, na yeye yuko karibu nanyi kuliko mimi. Kwa hilo sina kinyongo.

Shida yangu ni mtindo, wala si yeye aliyeuanzisha. Huku ndiko tunakofundishana. Mwaka huu bosi wetu ametubomolesha tovuti iliyokuwa ikifanya kazi bila tatizo, tukaijenga upya kwa zana mpya, kwa kuwa ofisi nyingine zote zinazitumia. Inafunguka polepole kuliko ya zamani, na siku ya kuizindua tulikata keki. Nilimkumbuka baba mdogo alivyorudi kutoka huko kwenye mashamba ya tambarare, akafukia ngolo zake, yale mashimo yetu ya kuzuia maji yasibebe udongo, akapiga matuta ya mstari mlimani. Yalipendeza sana mpaka mvua ya kwanza.

Sasa sikiliza tofauti. Ukurasa wangu unaandikwa wote kwenye seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, kabla haujatoka. Ukifika kwenye simu, maneno yote yamo, na nimeuagiza ukae humo humo hata mtandao ukikatika. Ule wa Kasian unafika mtupu, pamoja na maagizo: wewe simu, nenda kaulize zamu za wiki hii, kisha uzipange hapa kwa rangi. Ukiwa Mbinga mjini, au hapo ofisi ya kikundi juu mlimani, utaona rangi tu. Nimeufungua hata mimi huku. Ni mzuri, nisikufiche.

Lakini wewe unaufungulia mlimani na kuufungia huko huko. Mama anaufungulia wapi? Jumapili baada ya misa, kwenye ukuta wa kigango, mahali mtandao unapokamata. Halafu anashuka nao. Kwenye ntambo wetu, ule mteremko wa ukoo kati ya vijito viwili, simu haishiki kitu, unajua mwenyewe. Anakaa na ukurasa ule wiki nzima, na majirani wanakuja kwake kuangalia siku yao ya kupeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa kumenyea. Simu yake ndiyo ubao wa matangazo wa huko chini. Nilipoandika ule ukurasa wa msiba nilikuwa namfikiria yeye.

Nakuambia sasa jambo ambalo mama alinisimulia kwa simu kutoka kigangoni, akanikataza nisikuambie.

Wiki ile mlipobadilisha zamu kwa sababu mtambo ulikuwa unatengenezwa, mama aliufungua ukurasa mpya kigangoni. Akaona rangi, akafurahi, akashuka bila kusoma. Siku zote anafanya hivyo, kwa kuwa miwani yake iko nyumbani. Alipovaa miwani na kuwasha simu, ukurasa ukataka kuuliza zamu upya, na huko chini hakuna wa kuujibu. Kikabaki kile kiduara kinachozunguka. Anasema alikaa nacho mpaka chai ikapoa.

Basi wakafuata siku waliyoizoea. Wakachuma, wakapanda na magunia kichwani, yeye na magoti yake yale, wakakuta mtambo una zamu ya ntambo mwingine. Kahawa mbivu haimngoji mtu. Wakashuka nayo, wakaianika na ganda lake, ikawa ya daraja la chini. Majirani wakamuuliza kwa upole kama simu yake imezeeka. Akasema ndiyo, imezeeka.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia, kaka. Nililia, halafu nikakasirika, na bado nina hasira kidogo. Nikamwambia nitakupigia saa ile ile. Akasema, "Usimwambie kaka yako. Ameisifu ile kazi mbele ya watu. Mimi nitatafuta mtu wa kunisomea kigangoni."

Sikuombi mniteue mimi. Kasian anaweza kubaki na lugha yake na rangi zake zote, mradi zamu ziandikwe kwenye seva kabla ukurasa haujatoka, na simu iutunze. Ni kazi ndogo kwa mtu anayeiweza kama yeye. Maelezo yake nimeyaweka humu kwenye bahasha, umpe.

Wifi Gaudensia mwambie kitenge alichonichagulia nimekishona, na ofisini wamekipenda kuliko keki. Shangazi Teofrida wa kwaya msalimie sana. Nikiwa peke yangu jikoni huwa naimba sauti yake, vibaya. Baba mdogo mpe shikamoo yangu, na hayo ya matuta usimsomee. Mwenyekiti mwambie nimecheka sana kwa hilo la tangazo la msiba, na ni kweli.

Nina ombi moja kabla ya kikao. Jumapili baada ya misa, simama kwenye ukuta wa kigango, fungua ukurasa mpya kwenye simu yako, uutie mfukoni, ushuke kwa mama. Usimwambie kuwa nimekuandikia. Kunywa chai yake. Kisha mpe simu na miwani, umwombe akusomee zamu ya wiki. Akikuangalia wewe usoni badala ya kuangalia kioo, akatafuta neno la kukusitiri, kura yako utakuwa umeshaijua.

Mdogo wako akupendaye,

Winfrida