Mama Anifa amenisahihisha mbele ya mkuu

Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi mpaka barabara ya kwenda Tshopo ikawa tope tupu, halafu jua likawaka kana kwamba halikuwa na habari. Viatu vyangu viko nje mlangoni, havitamaniki. Nina furaha hata najicheka mwenyewe.

Leo nimesoma utafiti wangu mbele ya mkuu wa ofisi ya huduma za jamii, mbele ya profesa wangu, na mbele ya akina mama tisa ambao maneno yao ndiyo utafiti wenyewe. Kila mmoja anatunza mgonjwa nyumbani. Swali langu kwao lilikuwa dogo: ofisi hii inawasaidia vipi?

Ngoja nikiri kwanza nilivyoanza, maana hapa sina wa kumwonea haya.

Mara ya kwanza nilikwenda kwao nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, kile chenye alama ya Chama. Nilidhani kitanipa heshima. Kilinipa heshima kupita kiasi. Nilipofungua daftari tu, mwenye nyumba akasimama, akapiga makofi na kuimba kama kwenye animasyo, zile nyimbo za kusifu Chama zinazotangulia kila mkutano. Kisha akaniambia tuko muzuri, citoyenne (mwananchi, kama Chama kinavyotaka tuitane), hatukosi kitu. Nyumba tisa, jibu moja. Profesa alisoma kurasa zote, akasema nimemletea animasyo, sikumletea utafiti.

Nililia siku hiyo. Baadaye nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Nilirudi na kitenge kilichopauka, bila daftari. Mama Anifa, mwenyeji wa Maniema anayemtunza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Nikamwomba mchi. Nilitwanga vibaya, akanicheka, na katikati ya kelele za kinu akaanza kunieleza mambo yake. Nikaacha kutwanga ili nimsikie vizuri, naye akanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa. Nyuma ya ukuta wake wa matete anaishi mtu wa seli ya Chama, tawi lake la mtaani, na kinu ndicho kilichokuwa kinafunika sauti yake.

Basi nikatwanga. Nyumba tisa, miezi miwili, wao wakiongea na mimi nikitwanga, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kuandika sikuweza. Niliyashika maneno kichwani, nikaenda mbio kuyaandika kando ya barabara kabla hayajanitoka. Familia tisa zimekula sombe laini kwa jasho langu.

Walichoniambia ni hiki. Ofisi inatoa maziwa na dawa kwa kadi yenye muhuri, na muhuri haugongwi mpaka mgonjwa mwenyewe aonekane pale dirishani, kila mwezi. Mama Anifa humpakia mama mkwe wake kwenye mkokoteni wa kukodi na kuusukuma hadi mjini. Siku moja gurudumu lilizama kwenye tope, bibi akaanguka, akabaki ameketi pale njiani akilia kwa aibu huku watu wakipita. Mwanamke aliyelea watoto wanane!

Kisa hicho ndicho nilichokisoma leo, bila jina, kwa kuwa niliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka kinywani mwangu. Mkuu aliniuliza taratibu ni nani aliyesema hayo. Nikajibu siwezi kumtaja. Akasema basi labda mtu huyo hayupo, labda nimemtunga. Profesa akaangalia chini.

Niliogopa sana. Nikimtaja, huenda kadi yake ikafutwa. Nisipomtaja, kazi yangu ya mwaka mzima ni uongo, na diploma niisahau.

Mama Anifa akasimama. Nilidhani anakuja kuniokoa. Kumbe amenikasirikia mimi.

"Citoyen chef, ile maneno ni yangu. Lakini huyu mutoto ameandika mubaya. Ameandika ati mama-mukwe wangu iko muzigo. Mi sikusemaka vile. Ule ni mama yangu. Muzigo ni hii njia ya kumuleta hapa."

Ni kweli. Juu ya kisa chake nilikuwa nimeweka kichwa "Mzigo wa mlezi", kwa sababu vitabu vya darasani vinasema hivyo na mimi sikufikiri mara mbili. Nikachukua kalamu nikakifuta nikiwa nimesimama mbele yao wote.

Sijawahi kukosolewa nikaona fahari namna hii.

Mkuu akamuuliza Mama Anifa anakaa avenue gani, akamwagiza karani aandike: Jumatatu aende huko na muhuri. Hakuahidi zaidi ya hapo. Lakini mama mmoja wa nyuma akasimama, akataja jina lake na namba ya parcelle, kiwanja anachokaa. Akafuata jirani yake, kisha mwingine. "Na miye pia, andika!" Wanawake ambao kwa miezi miwili hawakuthubutu kusema mpaka nitwange, leo walikuwa wanataja majina yao kwa sauti hadi watu waliokuwa kwenye foleni nje wakachungulia. Karani akaishiwa karatasi. Nikachana za kwangu nikampa.

Sasa nimekaa hapa najiuliza kama karani atakwenda kweli. Wakubwa husema mengi wakiwa mbele ya profesa, na siku tatu zinatosha kabisa kusahau. Je, asipokwenda, hiyo diploma nitaitazama kwa macho gani?

Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa nimekaa mlangoni kwa Mama Anifa. Karani akisema karatasi zimepotea, sitagombana naye. Nilinakili majina yote tisa kabla hajaondoka nazo.